Nilidhani kijani ni kimoja tu, hadi mama alipoona jani langu la vitambaa

UKIPANDA matatu Kericho mjini kuelekea Litein, dirisha la kushoto ni chai, la kulia ni chai. Wageni hutoa simu na kuanza kupiga picha. Sisi tuliozaliwa huku hulala hadi tufike.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanaolala. Nimekulia upande wa Konoin, Kaunti ya Bomet, kisha nikaenda Nairobi kusoma na kutafuta kazi. Kwa miaka hiyo yote, ungeniuliza chai ina rangi gani ningekujibu kwa neno moja: kijani.

Mwaka jana mkataba wangu wa kazi uliisha, nikarudi nyumbani na begi moja. Nilimkuta mama naye yuko nyumbani. Shamba kubwa alilochumia majani kwa miaka 19 lilikuwa limeleta mashine, na jina lake halikuwamo kwenye orodha ya waliobaki. Hakuwa peke yake. Mei 2023 waandamanaji walichoma moto mashine za kuchuma chai kule Kericho, na ukikaa na familia za wachumaji utaelewa hasira ile ilikuwa imejikusanya kutoka wapi.

Basi tukawa wawili, asubuhi hadi jioni, yeye na redio yake, mimi na simu yangu. Nguo zake za kazi alikuwa amezifunga kwenye gunia akaliweka nyuma ya mlango. Hakutaka kulizungumzia gunia hilo, nami sikuuliza.

Hiki ni kisa cha jinsi gunia lile lilivyofunguliwa. Ukipenda, ni maelezo pia ya jinsi unavyoweza kushona picha ya mmea kwa vitambaa vya rangi moja, kwa chini ya Sh700.

Ilianza na status

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku nilitoka nyuma ya nyumba, kwenye vichaka vyetu vichache vya chai. Jua ndio kwanza linachomoza, tone la maji limening'inia kwenye ncha ya jani. Nikainama, nikapiga picha kwa karibu sana: chipukizi, majani mawili machanga, na chini yake majani makubwa ya zamani. Nikaiweka kwenye status. Watu wakaipenda, saa 24 zikaisha, ikapotea.

Iliniuma kidogo. Nikajiuliza, je, naweza kuitengeneza picha hii kwa kitu kisichofutika baada ya siku moja?

Nilikuwa nimeona mifarishi mitandaoni. Mfarishi, ambao vijana wengi mjini wanauita kwilti, ni kitambaa cha tabaka tatu: juu vipande vilivyounganishwa, katikati kitu kinene cha kuleta joto, chini kitambaa cha kufunika. Tabaka hizo hushonwa pamoja kwa mishono inayopita zote tatu. Ule wa kitandani tunaujua. Lakini kuna wasanii wanaoushona ili uning'inizwe ukutani kama mchoro. Hata hapa Kenya wapo. Nairobi kuna chama cha washonaji, Kenya Quilt Guild.

Kwa nini rangi moja? Sababu ya kwanza ilikuwa mfuko wangu. Sababu ya pili nilikuja kuisoma baadaye, nikafurahi kujua sikuwa nimebuni wazimu. Mwaka 1843 mwanamke Mwingereza aliyeitwa Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha picha za mwani. Alitumia mbinu iliyovumbuliwa na John Herschel mwaka mmoja kabla yake: karatasi hupakwa chumvi za madini ya chuma, mmea unalazwa juu yake, jua linafanya kazi, kisha karatasi inaoshwa kwa maji. Kinachobaki ni kivuli cheupe cha mmea juu ya buluu. Buluu tu, hakuna kingine, na bado unaona kila kijitawi chembamba kama uzi.

Ondoa rangi kwanza

Hatua ya kwanza ilinishangaza. Nilifungua picha yangu kwenye simu, nikaingia mahali pa kuhariri, nikaondoa rangi ikabaki nyeusi na nyeupe. Kijani nilichodhani ni kimoja kikagawanyika mara tano: karibu nyeupe, kijivu hafifu, kijivu cha kati, kijivu kizito, na karibu nyeusi. Nikazipa ngazi hizo namba 1 hadi 5.

Hapo ndipo kazi yote ilipo. Ukiwa na rangi nyingi, jicho hutofautisha vitu kwa urahisi: ua jekundu, jani la kijani, mbingu ya buluu. Ukibaki na rangi moja, jicho linategemea mwanga na kivuli pekee kujua jani linaanzia wapi na kuishia wapi. Ukikosea ngazi moja, jani linamezwa na lililo nyuma yake.

Nikaenda kwenye mitumba Kericho mjini kutafuta kijani. Mashati ya wanaume, blauzi, pazia kuukuu, shati la sare ya shule, mradi ni kijani na bei ni ya kutupa. Mwenye kibanda alinitazama nikijaza mfuko, akauliza, "Unashonea timu ya mpira?"

Hapa kuna mbinu ambayo itakuokoa pesa. Kabla hujalipa, panga nguo zote pamoja, zipige picha moja kwa simu, kisha ondoa rangi kama ulivyofanya kwa picha ya mmea. Mashati mawili niliyodhani yako mbali kabisa, moja la kijani cha ndizi mbichi na jingine lenye kubuluu kidogo, yalitoka kijivu kile kile. Nikarudisha moja. Tazama pia aina ya kitambaa. Fulana zinavuta na kujikunja ukizishona, kwa hivyo chukua pamba au kitambaa kisichonyumbuka.

Kisha nikachapisha picha saiba, moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe. Juu ya ile ya pili nikachora miraba ya sentimita 3, sita kwa upana na minane kwa urefu. Nikagundisha karatasi za gazeti hadi zikawa karatasi moja kubwa, nikachora miraba ile ile lakini ya sentimita 12. Kilichomo kwenye mraba mdogo unakihamishia kwenye mraba mkubwa, mmoja baada ya mwingine. Huhitaji kujua kuchora. Mwisho wa siku nilikuwa na jani la chai la sentimita 72 kwa 96, kila sehemu ikiwa na namba yake.

"Karani atakurudishia"

Nilikata vipande vya kwanza, nikavipanga sakafuni sebuleni. Nilijiona nimeweza. Mama akapita na kikombe chake cha chai, akasimama.

"Hiyo ni chai ya wapi?"

"Ya hapa nyuma, mama."

"Hapana. Hiyo ukiipeleka kituo cha kununulia majani, karani atakurudishia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nikamsikia akizungumza mfululizo kwa zaidi ya dakika moja.

Nilikuwa nimelipa chipukizi kijani kilichokolea kuliko vyote, kwa sababu kichwani mwangu kitu kichanga ni kibichi, na kibichi ni kijani sana. Mama alinieleza kuwa ni kinyume. Chipukizi limepauka na lina vinyoya vidogo vyeupe. Majani mawili yanayolifuata ni laini, kijani chake kina umanjano. La tatu linaanza kuwa gumu, na kuanzia hapo kwenda chini rangi inazidi kuwa nzito. Mchumaji hana muda wa kushika kila jani na kulipima. Anaona rangi, na mkono tayari umeshafika.

"Mashine inakata kwa kimo," alisema. "Mimi nilikuwa nachuma kwa macho."

Nilirudi kwenye ile picha isiyo na rangi. Kila alichosema kilikuwemo. Chipukizi lilikuwa ndicho kitu cheupe kuliko vyote, na mimi niliyejifanya nimesoma picha nilikuwa nimeshona nilichodhani najua badala ya nilichokiona.

Kisha akanionyesha kosa la pili, ambalo hata simu isingeniambia. Jani moja la zamani lilikuwa limepigwa na jua, likang'aa. Katika picha nyeusi na nyeupe, ule mng'ao ulikuwa mweupe sawa na chipukizi, nami nilikuwa nimeupa kitambaa kile kile cha namba 1. "Hili si changa," mama alisema. "Limeng'aa tu kama sufuria."

Sasa utatofautishaje weupe wa uchanga na weupe wa mng'ao ukiwa na rangi moja tu? Kwa aina ya kitambaa. Nilichana bitana ya satini kutoka kwenye blauzi moja ya mtumba, nikaitumia kwa mng'ao. Ukipita mbele yake inakutupia mwanga, kama jani lenyewe. Lakini chipukizi lilitaka kitu kisichong'aa, laini, chenye vinyoya, cha kijani kilichokwisha kabisa. Katika mfuko wangu wote wa mitumba hakikuwepo.

Mama alinyanyuka, akaenda nyuma ya mlango, akafungua gunia.

Bega la blauzi

Alitoa blauzi yake ya kazi, ya kijani. Mgongoni na kifuani ilikuwa bado na rangi. Lakini mabegani, pale mikanda ya kikapu ilipokaa kila siku, kitambaa kilikuwa kimesuguliwa hadi kikawa laini kama manyoya ya kifaranga, na kijani chake kimebaki kama harufu tu. Ilikuwa namba 1 kamili.

Nilisita. Yeye ndiye aliyeshika mkasi.

Wakati huo sikujua kwamba kuna wanawake waliofanya hivyo zamani, mbali na hapa. Katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Marekani, wanawake weusi walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shamba. Mmoja wao, Missouri Pettway, mwaka 1942 alitengeneza mfarishi kwa nguo za kazi za mumewe aliyekuwa amefariki. Mwaka 2002 kazi za kijiji hicho zilionyeshwa katika makumbusho ya Houston, kisha New York, na mwaka 2006 baadhi zikachapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Magoti yaliyochakaa na alama za mifuko iliyobanduliwa zilikuwa sehemu ya uzuri wake.

Na wako walio karibu nasi zaidi kwa damu. Wasiddi wa jimbo la Karnataka, India, ni kizazi cha Waafrika waliovuka Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita. Wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi ya nguo kuukuu inayoitwa kawandi. Huanzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, na pembe za mfarishi huwekewa vipande vidogo wanavyoviita maua. Kwao, mfarishi bila maua hayo haujakamilika.

Mkasi ukapita. Tukawa na chipukizi.

Tulivyoharibu

Kupachika huanzia nyuma kuja mbele. Kwanza unatandika kitambaa cheusi kuliko vyote, namba 5, kama kivuli cha kichaka. Halafu majani ya zamani, halafu ya kati, chipukizi mwisho. Kila kipande ukikate kikiwa na ziada ya nusu sentimita kuzunguka. Ziada hiyo unaikunjia ndani kwa ncha ya sindano, kisha unashona ukingo kwa mishono midogo inayojificha. Jani la chai lina meno madogo kwenye kingo. Usijaribu kuyakata yote, utapata wazimu. Tulikata ukingo laini, meno tukayatia baadaye kwa uzi.

Wiki ya tatu nilifanya kosa la kijinga. Ili mikunjo itoke, nilinyunyiza maji nikapiga pasi. Kile kitambaa cha namba 5, pazia la mtumba ambalo sikuwa nimelifua, kilichuja. Kijani cheusi kikapanda taratibu kama wino kwenye karatasi, kikaingia kwenye chipukizi. Nilisugua kwa sabuni, nikazidisha doa.

Nilikaa kimya muda mrefu kabla ya kumwita mama. Lile bega lilikuwa miaka 19, nami nililiharibu kwa dakika mbili. Alikuja, akatazama, akashusha pumzi.

"Nguo ina mabega mawili," alisema.

Tulibandua chipukizi, tukakata bega la pili. Safari hii kila kitambaa tulikijaribu kwanza: loweka kona yake, ibonyeze juu ya kitambaa cheupe, na kikiacha rangi, kifue na kukisuuza mpaka kiache kuchuja. Fanya hivyo siku ya kwanza. Usisubiri somo langu.

Baada ya sehemu ya juu kukamilika, tulitandika leso kuukuu chini, blanketi lililochakaa katikati, na jani letu juu. Tukapiga bandi ndefu kutoka katikati kwenda kingoni ili tabaka zisiteleze. Kisha tukaanza kushona mishono ya kudumu inayopita tabaka zote, kwa mkono. Mimi nilitaka mistari iliyonyooka. Mama alikataa, alisema uzi ufuate mishipa ya jani, kuanzia mshipa wa katikati kwenda kingoni, na kila mshipa ujipinde kabla haujafika ukingo. Nilitoka nje kuhakikisha. Kumbe ndivyo ulivyo.

Tulimaliza wiki ya sita, jioni ya mvua ya mawe, bati likipiga kelele hata redio haisikiki.

Hesabu zetu

Nguo tisa za mtumba kwa Sh50 kila moja ni Sh450. Uzi wa kijani, roli tatu, Sh150. Paketi ya sindano Sh50. Kuchapisha picha mbili Sh20, chaki ya fundi Sh20. Jumla Sh690. Leso, blanketi na gazeti vilikuwa vya nyumbani. Cherehani hatukutumia hata dakika moja.

Gharama halisi ni muda. Tulishona kama saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki sita. Hiyo ni saa 90 kwa kila mmoja wetu, saa 180 kwa mfarishi mmoja. Ukitaka kuifanya biashara, anza na hesabu hiyo kabla hujataja bei, la sivyo utauza usiku wako bure. Na ukitaka tu kujaribu, usianze na sentimita 96. Shona jani moja la ukubwa wa karatasi ya daftari, kwa ngazi tatu za rangi badala ya tano. Mmea wowote utafaa: sukuma wiki dirishani, jani la mgomba, hata gugu lililoota kando ya lami huko Umoja.

Nilipoweka picha ya mfarishi mtandaoni, duka moja la kazi za mikono Nairobi liliniandikia kuuliza bei. Nilimsomea mama ujumbe, nikamtajia kiasi nilichofikiria.

"Hizo ni kilo ngapi?" akauliza. Bado hupima pesa yoyote kwa kilo za majani. Tukapiga hesabu pamoja. Alinyamaza kidogo alipopata jibu.

Nilidhani atasema tuuze. Pesa tunaihitaji, na sisi sote wawili tuko nyumbani. Akautazama mfarishi ukutani, pale kwenye chipukizi.

"Huu hauendi," alisema. "Mwambie tutamshonea mwingine."

Mwingine utakuwa wa zambarau. Kuna jirani yetu aliyepanda TRFK 306, ile chai ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya utafiti wa miaka mingi huku kwetu Kericho. Wiki iliyopita tulienda kwake kutafuta picha. Mama aliniomba simu, akasema mimi hupiga picha ya majani yasiyofaa.

Aliinama kichakani, akachagua kwa muda, akapiga moja tu. Kisha, simu ikiwa bado mkono wa kushoto, mkono wake wa kulia ukalichuma lile chipukizi na majani yake mawili, ukayatupa nyuma juu ya bega, mahali ambapo kikapu hakipo.

Majani yalianguka kwenye nyasi. Jirani akaangua kicheko. Mama naye akacheka, akayaokota.